Unga Unaosikia Joto

Baba alipoanza kusema miguu yake ina baridi, sote tulimwamini, na balaa likaingilia hapo.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi haibagui mtu. Kule Kangemi jua lilikuwa halionekani hadi karibu adhuhuri. Akina mama wa sokoni waliuza sukuma wiki wakiwa wamejitanda leso juu ya sweta mbili, na vijana wa mjengo waliosimama kando ya barabara wakitafuta kibarua walikuwa wamejikunyata, mikono kwapani. Nani angeshangaa mzee mstaafu, tena mgonjwa wa sukari, akilalamika baridi? Mama alifanya ambacho mke yeyote angefanya. Aliteleka sufuria ya maji kwenye jiko, akayamimina kwenye beseni, akatia chumvi, akamwekea. Ikawa desturi ya kila jioni. Baba anaketi karibu na mlango, anakunja suruali mkunjo juu ya mkunjo, kama mtu aliyemaliza maisha yake akipanga mafaili ya serikali, halafu anaingiza miguu yote miwili na kungoja.

"Hii maji umetoa kwa friji?" anamuuliza Mama.

"Kwani tuko na friji sisi?"

"Basi ongeza."

Mama anaongeza. Baba anangoja tena, uso umetulia, halafu anatikisa kichwa. "Bado. Hata siisikii."

Tulicheka sana na hiyo "bado" yake. Haki ya Mungu, tulicheka.

Mimi ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki nyumbani. Nina jina la nyanya yangu, mamake Baba, kwa hiyo tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni Baba aliniita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba chetu. Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya fizikia kwenye chuo kilicho upande wa mjini, na kazi yangu ilikuwa kupima joto kwa kutumia mwanga. Majirani walisikia "kupima joto" wakaamua mimi ni daktari. Nikikana, wanaudhika, wanaona nimeanza kuringa. Mama mmoja wa kanisani aliwahi kuniletea mtoto mwenye homa. Nikamwambia mimi napima joto la unga. "Unga gani? Wa ugali?" Nikamwambia ndiyo, wa ugali, maana nilikuwa nimechoka. Akaondoka akisikitikia karo ya baba yangu.

Unga wenyewe tuliupika sisi kwenye maabara, mweupe, mwepesi, ungedhani ni poda ya mtoto. Chembe zake ni ndogo kiasi kwamba darubini ya shule haiwezi kuziona. Ndani yake mna kiasi kidogo sana cha metali mbili ambazo wanasayansi huziita adimu, ingawa mwalimu wangu alipenda kusema si adimu chochote, ni kiburi tu, hazitaki kutenganishwa na wenzao. Ukiumulika unga huo kwa leza ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho, unajibu kwa rangi ya kijani. Mara ya kwanza kuona hivyo nilisema "Haiya!" kwa sauti, mbele ya watu, na sikuona haya. Mwanga unaoingia huuoni, unaotoka unauona. Nilikuwa msichana wa Kangemi aliyesoma kwa taa ya mafuta hadi kidato cha nne, na jambo hilo lilinishika moyo.

Kijani hicho si kimoja. Ni rangi mbili zilizokaribiana sana, jicho haliwezi kuzitenga, lakini tulikuwa na chombo cha kuzitenga. Unga ukipata joto, rangi ya kwanza inapata nguvu ikilinganishwa na ya pili. Kwa hiyo hujali mwanga wote ni mwingi au ni mchache. Unauliza tu hii ya kwanza imeikaribia ile ya pili kiasi gani, na jibu la hapo ndilo joto. Stima ikififia, leza ikichoka, rangi zote mbili zinafifia pamoja na jibu linabaki lile lile. Hilo ndilo nililolipenda zaidi. Kwa nchi yenye stima kama yetu, nilikiona ni kipimo kilichotungwa kwa ajili yetu.

Basi siku moja stima ilipotea chuoni, nikarudi nyumbani mapema. Nilimkuta Baba mlangoni, miguu ndani ya beseni, anasoma gazeti. Mama alikuwa amesimama kando yake na sufuria mkononi, ndiyo kwanza amemimina. Mvuke ulikuwa unapanda hadi kwenye gazeti. Nilichovya kidole nikakitoa mbio.

"Baba! Toa miguu! Toa!"

"Kwani kuna nini?"

Niliivuta mwenyewe. Mguu wa kulia ulikuwa mwekundu tu, kwa sababu maji yalimiminwa upande wa pili. Wa kushoto ulikuwa umeanza kufanya malengelenge kuanzia vidoleni hadi juu ya wayo, na ngozi imelegea kama ya maziwa yaliyochemka. Baba aliutazama kwa udadisi, kama anayetazama mguu wa mtu mwingine aliyeketi karibu naye. Mama hakuiweka ile sufuria chini. Alikuwa akirudia neno moja tu. "Amesema niongeze. Amesema niongeze."

Kliniki tulimpata daktari kijana, mwanamke mpole, aliyemfunga Baba macho kwa kitambaa na kumgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki. "Ukisikia nikikugusa, sema." Baba alikaa kimya, akingoja kwa heshima. Daktari alimgusa kila mahali. Baba akauliza, "Utaanza lini?"

Daktari alimfungua macho akamwambia, "Mzee, hiyo unaita baridi si baridi. Ni ganzi. Sukari imeharibu neva za miguu, hazikuletei habari tena." Halafu akatugeukia mimi na Mama. "Akisema tena ana baridi, msimletee maji, msimletee jiko, msimletee chupa ya moto. Mwambieni ni ganzi."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Kidonda kilikataa kupona. Kilibadilika rangi, kikabadilika harufu, na kabla ya mwaka kuisha mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Mama hakumlaumu mtu. Alianza kuoga maji ya baridi, asubuhi, kwa ndoo, na ukimwambia atapata nimonia anasema amezoea. Nilimwambia si kosa lake. "Najua," alisema, na ilikuwa wazi hajui.

Mimi hasira yangu yote niliielekeza kwenye neno. Kiswahili chetu kinasikia kila kitu: tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia uchungu. Miguu ya Baba ilikuwa imeacha kusikia kuanzia kwenye kifundo kushuka chini, na yeye alitafuta jina la kuupa huo ukimya akapata "baridi." Ganzi aliijua, lakini ganzi kwake ilikuwa ile ya kukalia mguu kwenye ibada ndefu, inayokuja na kuchomachoma halafu inakwisha. Hii haikuchoma. Akachukua neno la karibu, neno ambalo kila mtu Kangemi alikuwa nalo mdomoni mwezi huo, na neno hilo likamgharimu mguu. Nilitamani kulishika shingo.

Sasa kilichobaki ni mguu wa kulia. Tulianza kuishi kwa ajili yake. Mama aliupaka mafuta, aliukagua katikati ya vidole kwa kioo chake kidogo cha mkoba, aliuvalisha soksi iliyogeuzwa ndani nje ili mshono usiukwaruze. Kwenye maombi ya jioni aliutaja peke yake. Baba naye alianza kuuita "huyu," kama mtu. "Huyu amelala vizuri." "Huyu hapendi kiatu hiki."

Daktari alituambia jambo moja ambalo halikuniacha. Alisema kidonda cha mguu wa sukari hakitokei ghafla. Kabla ngozi haijapasuka, mahali pale huwa pana joto kuliko kwingine, pengine siku nyingi mapema, na mgonjwa mwenyewe hana habari kwa sababu hasikii. Ng'ambo kuna watu wenye vyombo vya kuona joto hilo. Alisema hivyo akiandika dawa, bila kuinua macho.

Nilitoka pale nikitembea kasi hata Mama akalalamika. Mtu apime joto la unga mchana kutwa, halafu nyumbani babake apoteze miguu kwa kukosa kupimwa joto? Aka!

Mwalimu wangu alikuwa mama mkali, aliyerudi kutoka ng'ambo na leza moja ndogo aliyoilinda kuliko mkoba wake. Nilipomweleza, alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Sisi tunapima unga ndani ya kichupa," alisema. "Kichupa hakina jasho. Kichupa hakichoki kukaa. Mguu una mwenyewe."

"Mwenyewe ni baba yangu."

Aliisogeza leza yake upande wangu. Halafu akasema, "Leza uipunguze nguvu. Ukimuunguza mzee wa watu nitakufukuza."

Shida ya kwanza ilikuwa namna ya kuuweka unga mguuni. Huwezi kumpaka mtu kitu ambacho hujui kitamfanya nini. Nilizunguka Ngara alasiri nzima, kwenye yale maduka ya jumla, hadi nikapata karatasi ya nailoni ya kufunikia vitabu vya shule, ile nyembamba, inayoonyesha. Mama mwenye duka, Mhindi mzee mwenye miwani ya kamba, aliniuliza mtoto yuko darasa la ngapi. Nikamwambia si ya mtoto, ni ya baba. Alinitazama kidogo, akanikunjia bila kuuliza tena. Unga tuliuchanganya na vanishi, tukaupaka kwenye nailoni, tukauacha ukauke. Upande wenye unga haugusi ngozi. Nailoni inachukua joto la wayo, unga unalipata, leza inapita kama kalamu kutoka kisigino hadi vidoleni, na kwa kila mahali kompyuta inatoa namba.

Baba alikuja maabara mara ya kwanza siku ya Jumamosi. Amevaa suti. Amevaa tai, na kofia ile ya mazishi. Alipanda ngazi kwa magongo, akikataa kushikwa, na mlinzi wa mlangoni akampigia saluti kwa sababu alidhani ni mgeni wa mkuu wa idara. Baba aliirudisha ile saluti. Nilimketisha, nikamvua soksi, nikafunga wayo kwa nailoni, nikashusha pazia jeusi, nikawasha.

Doa la kijani lilitokea kwenye kisigino chake.

"Wacha!" Baba alisema gizani. Halafu: "Mwaitu, mguu wangu umekuwa kama taa ya barabarani. Magari yapite?"

"Usitikisike, Baba."

"Mimi sitikisiki. Ni wewe unatikisika."

Na kweli, lile doa lilikuwa linacheza kwenye wayo. Nilianza upya. Kwanza nilikuwa nimejipima mwenyewe, wayo wangu, na wa mwalimu, ambaye alivua kiatu kabla sijamwomba. Kwa hiyo nilijua wayo wa mtu mzima, ndani ya chumba kile cha baridi, husoma vipi. Wa Baba ulikuwa sawa kila mahali isipokuwa mahali pamoja, chini ya kidole kikubwa. Hapo namba ilipanda. Nilirudia, ikapanda. Nikawasha taa, nikaangalia kwa macho, nikaangalia kwa kidole: hakuna kitu, ngozi tu. Baba aliniuliza nini mbaya. Nikamwambia hapa pana moto.

"Mbona mimi sisikii?"

"Unga umesikia."

Alilitafakari hilo njia yote hadi nyumbani.

Daktari alimwamuru asikanyage mguu huo kwa majuma kadhaa, akamkatia kipande cha sponji laini cha kuweka kiatuni. Tuliporudi maabara pale mahali palikuwa pamepoa, pamefanana na kwingine. Daktari alifurahi hadi akaniomba nimweleze tena jinsi kinavyofanya kazi, safari hii akinitazama. Mwalimu wangu alisema hiyo itakuwa sura nzima ya tasnifu yangu. Nyumbani Baba aliwaambia wageni wote, "Huyu binti yangu husikiliza mguu." Wageni walinitazama kwa huruma, lakini mimi nilikuwa na furaha. Niseme wazi: ile miezi ilikuwa na furaha. Nilidhani tumeushinda huo ugonjwa, nilidhani nimempata mnyama na shimo lake, na kwamba kazi yangu sasa ni kuketi mlangoni kungoja atoe kichwa.

Kisha mvua ikakosa, mabwawa yakapungua, mgao wa stima ukaanza. Chuoni stima ilikuja kwa zamu na maabara yetu haikuwa ya kwanza kwenye foleni. Mara nyingi nilishinda pale nikingoja, nimevaa koti, nikisikia jenereta za maduka ya mjini zikinguruma huku chumba chetu kiko giza. Zamu za Baba ziliahirishwa moja baada ya nyingine.

Ilikuwa katika kipindi hicho ndipo Baba aliposema tena, wakati wa chai ya saa kumi. "Huyu ana baridi leo."

Mama aliruka kama aliyechomwa. "Si baridi! Ni ganzi. Daktari alisema ni ganzi."

"Mimi najua ganzi. Hii ni baridi."

"Baba Watoto, usianze."

Kesho yake alisema tena. Mama akamjibu vile vile. Akina mama wa chama cha kanisani walikuja kumwona, na wao walikuwa wameshafundishwa na Mama. Baba alipotaja baridi walimjibu wote pamoja, kwa upole, "Ni ganzi, mzee," kama wanaoitikia sala. Nikampigia muuguzi wa kliniki, akasema hiyo ndiyo kawaida yao, wazee husahau, tumkumbushe. Nani angemlaumu yeyote? Neno lile lilikuwa limeshatuletea msiba mara moja. Tulikuwa tumelifukuza nyumbani kama mwizi, na Mama alikuwa amesimama mlangoni na rungu.

Baba alikasirika. Alikuwa na hasira ya kimya, hasira ya mtu wa ofisi. "Sawa," alisema. "Sisemi tena." Na hakusema. Alivaa soksi mbili, akajifunika blanketi miguuni, akageukia ukuta.

Ukimya huo ndio ulionitisha. Stima iliporudi chuoni nilimchukua kwa teksi ya jirani tukaenda. Hakuvaa tai. Kwenye ngazi hakukataa kushikwa.

Nilimfunga nailoni, nikashusha pazia, nikawasha. Namba ya kwanza, kwenye kisigino, ilikuwa ya chini sana. Nikasogeza. Ya chini. Hadi vidoleni, namba zilizidi kushuka, kiasi kwamba kidole kikubwa kilikuwa kimelingana joto na meza tuliyoegemea. Nilifikiri ni stima. Siku hizo ilikuwa inakuja dhaifu, balbu zinakuwa za manjano. Nikavua kiatu changu, nikajipima mwenyewe pale pale. Mguu wangu ulikuwa sawa kabisa, kama siku zote. Nikamwita mwalimu. Aliketi, akapima mwenyewe, akatazama zile rangi mbili kwenye kompyuta, ya kwanza imelala chini, ya pili imesimama peke yake.

"Stima haiwezi kufanya hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Unajua haiwezi."

Nilijua. Nilikuwa nimelipenda jambo hilo kuliko yote.

Niliondoa nailoni nikaushika mguu wa Baba kwa mikono yangu miwili. Miezi yote hiyo tulikuwa tukitafuta moto. Tulifundishwa moto, tukaulinda mguu dhidi ya moto, kila mtu akilini mwake alikuwa na moto. Mguu ulikuwa baridi kama chupa ya soda.

"Baba," nilisema. "Ni baridi."

Alikuwa amekaa na kofia mapajani. "Nilisema."

"Ulisema."

"Nilisema na mkanifundisha Kiswahili."

Hospitalini daktari wetu aliweka vidole juu ya wayo akitafuta mpigo wa damu. Akabadilisha mahali. Akabadilisha tena, akafumba macho ili asikie vizuri. Mimi nilimtazama usoni nikajua kabla hajaviondoa. Mshipa ulikuwa umeziba, damu haikuwa ikifika, na mguu ulikuwa umeanza kufa siku kadhaa nyuma. Aliuliza mgonjwa alianza kulalamika lini.

"Nimekuwa nikilalamika," Baba alimjibu. "Labda ningelalamika kwa Kiingereza."

Daktari hakucheka. Alivua miwani akasema, "Pole, mzee. Mimi ndiye niliyewaambia." Sijawahi kumsikia daktari mwingine akisema hivyo, na haikusaidia chochote. Waliukata juu ya goti. Mama alikaa kwenye benchi ya nje siku nzima ameshika ile soksi iliyogeuzwa ndani nje, na nilipomletea chai aliniuliza soksi ataipeleka wapi. Nililia pale pale, mbele ya wauza karanga na watu wa bima, nikilia kwa hasira zaidi ya huzuni.

Sura ile niliiandika. Mwalimu alisisitiza. Inaeleza jinsi unga wenye metali adimu unavyoweza kuonyesha joto la wayo, lililozidi na lililopungua, na ina michoro mizuri. Mtahini wa nje aliisifu. Aliuliza mgonjwa wa majaribio anaendeleaje, nikasema yuko nyumbani, na hilo lilikuwa kweli.

Alikuwa nyumbani. Alikuwa amekuwa mfupi, sijui niseme vipi vingine. Kitanda kilimzidi. Kiti cha magurudumu hakikuweza kupita kwenye kile kijia chetu chenye mfereji katikati, kwa hiyo mara nyingi alikaa kitandani akitazama dirisha. Suruali zake Mama alizifua, akazipiga pasi, akazitoa sadaka kanisani.

Asubuhi moja, Mama akiwa sokoni, aliniita. Nilikuwa nafunga viatu nikitoka.

"Mwaitu. Mguu unaungua."

"Upi?"

"Wa kulia. Kisigino."

Daktari alikuwa ametuonya kwamba hilo hutokea, kwamba mguu unaweza kuondoka na kichwa kikaendelea kuupokea. Alitupatia vidonge. Lakini sikuwa nimejiandaa kumwona jasho limemtoka kwenye paji la uso, mikono imeshika ukingo wa godoro, mtu ambaye maji ya kuchemka hayakuwa yamemfanya apepese hata kope. Miaka ile yote mguu huo haukumletea habari yoyote. Sasa haupo, na sasa ndipo alipousikia.

"Unaungua vibaya," alisema. "Leta ile taa yako upime."

"Nitapima wapi, Baba?" Ilinitoka kwa ukali. Sikuwa nimekasirika naye.

Alinyoosha mkono akaonyesha mahali kwenye kitanda, mbali kidogo na pale anapoishia yeye. Blanketi lilikuwa limelala tambarare. Alikuwa ameonyesha bila kusita, kama mtu anayejua kabisa kisigino chake kiko wapi.

Nilivua kiatu kimoja nilichokuwa nimeshakifunga, sijui kwa nini. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikaweka kiganja juu ya blanketi, pale pale. Nikakiacha kwa muda. Baba alikuwa ananitazama usoni, hakutazama mkono.

"Ni moto?" aliuliza.

"Ni moto, Baba," nikamwambia. "Ni moto sana."

Alishusha pumzi, mabega yakalegea. Kisha akaniomba nimpepee kidogo, na mimi nikavua skafu shingoni, nikaikunja mara mbili, nikaanza kupepea.